Kuunda na kutengeneza gari la kusaka mwendo kwenye chumvi: mwongozo kamili

Watu wakiona gari la kusaka mwendo, yaani la kukimbia kwa mstari mnyoofu ili lipimwe kasi yake ya juu, swali la kwanza huwa la injini: ina hosipawa ngapi? Kwa anayetaka kuliunda mwenyewe nyumbani, hilo ni swali la mwisho. Injini hununuliwa, na ikifa hubadilishwa. Kinachomla mtu fedha, na pengine uhai, ni mambo matatu yanayotakiwa kumalizwa kabla injini haijashushwa kwenye fremu: gari litasimamaje, litanyooka vipi bila kuyumba, na dereva atatokaje likipinduka. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio huo.

Ninazungumzia gari la kukimbia kwenye chumvi ya Bonneville, uwanda tambarare wa chumvi katika jimbo la Utah, Marekani. Huko chama cha Southern California Timing Association, kilichoanzishwa 1937, huandaa Speed Week, wiki ya mbio hizi, karibu kila Agosti tangu 1949, na mtu wa kawaida asiye na kampuni nyuma yake anaruhusiwa kuleta gari alilolichomelea mwenyewe. Wenzetu walioko Salt Lake City wako karibu: ni safari ya saa moja na nusu hivi kwa barabara kuu ya I-80 hadi kufika karibu na Wendover. Afrika nayo ina uwanja wake, Hakskeenpan huko Afrika Kusini, ambako mamia ya wenyeji waliokota mawe kwa mikono kulisafishia njia gari la Bloodhound, nalo mwaka 2019 likafika maili 628 kwa saa, yaani zaidi ya kilomita 1,000. Lakini lile ni gari la injini ya ndege na bajeti yake ni ya aina nyingine.

Kitabu cha sheria kabla ya spana

Nunua kitabu cha sheria cha mwaka huo, ukisome chote kabla hujakata bomba la kwanza. Humo utachagua aina ya bodi na daraja la injini. Madaraja ya injini huitwa kwa herufi kufuatana na ujazo. Injini ya lita 2, kwa mfano, iko daraja G. Halafu unaamua kama utatumia petroli ya mashindano au mafuta mengine kama methanoli, na kama injini itavuta hewa yenyewe au itapulizwa kwa tabo. Kila uamuzi unakuweka kwenye rekodi tofauti. Angalia rekodi ya daraja lako ikoje, kisha ndiyo upige hesabu.

Kwa anayeanza napendekeza lakester: bodi nyembamba, magurudumu manne yakiwa wazi nje. Asili yake ni 1946, pale Bill Burke, aliyekuwa ameona matangi ya akiba ya mafuta ya ndege za kivita wakati wa Vita Kuu ya Pili, alipochukua moja akaligeuza bodi ya gari. Streamliner, ambayo magurudumu yake yamefunikwa, hukata upepo vizuri zaidi. Ila kila kitu kimefichwa ndani yake, na nati unayoifikia kwa mkono mmoja kwenye lakester huenda ikakulazimu uvue nusu ya bodi. Ukiwa na watu wawili wa kukusaidia na gari linaloharibika, utaona faida ya vitu kuwa wazi.

Fremu na keji

Bomba la maji halifai. Nalisema waziwazi kwa sababu ndilo lililo karibu katika gereji nyingi. Nguvu ya chuma chake haijulikani, na likiwa limepakwa zinki moshi wake wakati wa kuchomelea ni sumu. Keji ya dereva, yaani kizimba cha mabomba kinachomkinga, hujengwa kwa bomba la chuma la kazi hiyo, kwa kawaida kipenyo cha nje milimita 41 na unene wa milimita 3. Mkaguzi anaweza kutaka kitundu kidogo kitobolewe ili aupime unene, kwa hiyo usidhani utapita kwa kupaka rangi nzito.

Pinda bomba kwa mashine isiyoliponda kwenye kona. Penye maungio makubwa weka vibati vya pembetatu. Na tafadhali usisage mshono wa welda ili upendeze: unapunguza chuma palepale panapobeba mzigo, na mkaguzi akiona mshono uliosagwa atauliza umeficha nini.

Keji ipimwe dereva akiwa amekaa na vazi lote: suti ya moto, helmeti, kola ya shingo, glavu. Watu hupima wakiwa na fulana, kisha helmeti ikagusa bomba. Mikanda ya mabegani ifungwe kwenye keji nyuma tu ya dereva, isishuke hadi sakafuni, maana gari likigonga itamkandamiza uti wa mgongo. Weka pia vizuizi vya mikono ili isitoke nje gari likibiringika. Kisha fanya zoezi hili mara kwa mara: dereva afumbe macho, azime swichi kuu, afunge mafuta, avute kifaa cha kuzimia moto, afungue mikanda na atoke bila kusaidiwa na mtu. Uwanjani utaombwa kuonyesha hivyo hivyo.

Kunyooka

Gari la mwendo huu ni mshale: uzito uwe mbele, manyoya nyuma. Kitovu cha uzito kinatakiwa kiwe mbele ya mahali ambapo upepo wa ubavuni husukuma. Kikiwa nyuma yake, gari likipinda kidogo tu upepo hulimalizia kuligeuza.

Kitovu cha uzito hupatikana kwa mizani minne, moja chini ya kila gurudumu, dereva akiwa ndani na matangi yamejaa. Kwa upande wa upepo kuna njia ya gereji isiyogharimu kitu: piga picha ya gari kutoka ubavuni, ichore kwenye kadibodi ngumu, ikate kwa kufuata umbo, kisha isawazishe juu ya ukingo wa rula. Pale inapotulia ndipo katikati ya eneo la ubavu. Kumbuka tu kwamba upepo halisi husukuma mbele zaidi ya pale kadibodi inapoonyesha, hivyo acha nafasi ya kutosha. Tofauti ikiwa ndogo, ongeza pezi la nyuma au sogeza vipande vya risasi, ile metali nzito, kwenye pua.

Ndiyo, risasi. Fundi aliyezoea magari ya Safari Rally, anayehesabu kila kilo, atashangaa kuona watu wakifunga vipande vya risasi ndani ya gari la mbio. Chumvi inateleza, na gari jepesi litazungusha magurudumu bila kusonga. Hakuna kona wala mlima, kwa hiyo uzito unakugharimu umbali wa kuongeza mwendo na tairi kuzama kidogo zaidi, basi. Ufungwe kwenye fremu kwa bolti nene, kamwe usifungwe kwenye bati la sakafu.

Usukani uwe mzito na wa polepole: mkono ukizunguka sana, gurudumu ligeuke kidogo. Tairodi zisiwe na mchezo hata kidogo. Kila bolti ya usukani iwe ya daraja la nguvu la 10.9 au la juu zaidi, yenye nati ya kujifunga, na nyuzi zake zitokeze nje ya nati. Baada ya kukaza kwa toki renchi, piga mstari wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imelegea, na utaiona bila kushika spana.

Matairi na rimu

Tairi la barabarani, hata liwe jipya na la bei mbaya, halifai. Utahitaji tairi lililotengenezwa kwa ajili ya kasi hizi, ambalo mpira wake wa juu ni mwembamba makusudi, kwa sababu mpira mnene hung'oka. Tuchukue tairi lenye kipenyo cha sentimita 71. Kwa maili 200 kwa saa, karibu kilomita 322, ukingo wake unavutwa nje kwa nguvu inayozidi mara 2,000 ya uzito wa kawaida. Kifuniko cha valvu chenye gramu 5 kingekuwa pale ukingoni kingevuta kama mzigo wa kilo 11. Ndiyo maana valvu huwa za chuma na vifuniko vyake pia ni vya chuma.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza ugonjwa unaowapata wageni wengi wa chumvi. Chumvi mbichi hurushwa ndani ya rimu, ikashika kama udongo wa mfinyanzi na kukauka. Gramu 100 zikishikilia upande mmoja, kwa mwendo ule zinavuta kama kilo 120. Dereva anarudi akisema gari linatetemeka, na watu wanaanza kufungua shokapu. Kwanza chukua kipande cha mbao, kwangua ndani ya rimu zote nne, pangusa kwa kitambaa chenye maji, ndipo uamue kama kuna jambo jingine.

Kusimama

Breki za magurudumu hapa ni za mwishoni, mwendo ukiwa umeshashuka. Kazi kubwa ni ya parashuti. Kitabu cha sheria kitakuambia linalazimishwa kuanzia mwendo gani. Mimi ningelifunga hata kabla ya hapo.

Mahali pa kulifunga pana maana kuliko ukubwa wake. Mvuto wa kamba upite karibu na kimo cha kitovu cha uzito. Ukiwa juu sana unainua pua ya gari. Ukiwa chini sana unainua nyuma, na magurudumu ya nyuma yakiachia chumvi gari hugeuka. Kamba iwe ndefu ya kutosha kulipeleka parashuti nyuma ya hewa iliyovurugwa na gari, vinginevyo litachezacheza bila kujaa. Likunjwe na mtu mmoja tu, yule yule kila mara, kwa mpangilio ule ule. Waya wa kufyatulia usukwe mbali na joto la ekzosi, na uvutwe kwa majaribio kila asubuhi, kwa kuwa chumvi ikiingia ndani ya ala yake waya hukwama.

Upepo na gia

Nguvu inayohitajika kushinda upepo hupanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo mara mwendo mara mwendo. Ukitaka mwendo mara mbili, unahitaji nguvu mara 8. Chukua lakester ndogo ambayo eneo lake la mbele likizidishwa kwa kipimo cha umbo linatoa 0.3 ya mita ya mraba. Kwenye hewa nyepesi ya Bonneville, upepo peke yake utataka takriban kilowati 107 kwa maili 200 kwa saa, kama hosipawa 144. Bodi nyingine yenye 0.5 itataka kilowati 178. Tofauti hiyo ya kilowati 71 unaweza kuinunua kwa tabo, pistoni za kufua na presha ya damu, au ukaipata kwa kuziba matundu, kulaza dereva zaidi na kuvisha ekseli vifuniko vyembamba. Ndugu wawili wa familia ya Summers walilijua hili: kwenye gari lao Goldenrod walipanga injini nne kwa mstari mmoja ili uso wa gari ubaki mdogo, na 12 Novemba 1965 wakafika maili 409.277 kwa saa. Gari hilo lilijengwa katika kibanda kilichokuwa cha kuuzia mboga.

Juu ya upepo ongeza ukinzani wa chumvi yenyewe, ambao siku ya chumvi laini huwa mkubwa, pamoja na kinachopotea kwenye giaboksi na difu.

Gia hupigwa hivi. Tairi la sentimita 71 lina mzingo wa mita 2.23. Injini ikizunguka mara 7,000 kwa dakika, gia ya juu ikiwa moja kwa moja na difu ikiwa 2.9, gurudumu huzunguka mara 2,414 kwa dakika, sawa na kilomita 323 kwa saa. Hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye chumvi magurudumu huteleza, na asilimia 5 hadi 10 si jambo la ajabu, kwa hiyo tegemea 290 hadi 307. Difu ifungwe magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Na kwa kuwa gia ni ndefu hivyo, usijisumbue kuondoka kwa klachi: gari husukumwa na pikapu hadi lishike mwendo, ndipo liachiwe. Hii huokoa klachi nyingi.

Injini

Kosa la kawaida ni kuleta injini ya mbio fupi za kuondokea taa. Ile inafanya kazi kwa sekunde chache. Hii itashindiliwa mafuta hadi mwisho kwa dakika moja na zaidi bila kupumua. Ringi za pistoni ziachiwe nafasi kubwa kidogo, kwani zikipanuka na ncha zake zikagusana hung'oa kichwa cha pistoni. Rejeta iache nyumbani, inakamata upepo. Tumia tangi la maji na barafu, linatosha kwa mbio moja.

Sampu, bakuli la oili chini ya injini, ndiyo hufanyiwa uzembe. Parashuti likifunguka, oili yote hukimbilia mbele, pampu inavuta hewa, na beringi zinakufa mwisho kabisa wa mbio nzuri. Weka vizuizi ndani ya sampu, na mfundishe dereva aachie mafuta na kukanyaga klachi kabla ya kuvuta parashuti.

Bonneville iko kama mita 1,280 juu ya usawa wa bahari. Aliyezoea kuseti injini Nairobi au Arusha hatashangazwa na hewa ile. Aliyeseti Dar es Salaam au Mombasa atakuta injini inapewa mafuta mengi mno.

Waya na mabomba ya mafuta sitayarefusha: kila kiunganishi kijazwe grisi ya umeme, kila mpira uwe na kinga mahali unapopita kwenye chuma, swichi kuu ifikike kutoka ndani na nje.

Uwanjani

Mgeni haruhusiwi kwenda moja kwa moja mwendo wa juu. Leseni hupandishwa ngazi kwa ngazi. Itumie nafasi hiyo: mbio za taratibu ndizo zinazokuonyesha kilicholegea. Tandika turubai chini ya gari lako ili oili isimwagike kwenye chumvi, na usipigilie vigingi vya hema ardhini. Weka pia akiba ya safari iliyofutwa, kwa sababu mvua hailipi fidia. Speed Week haikufanyika 2014, 2015 wala 2022 kwa hali ya chumvi.

Baada ya kila mbio fuata orodha hii, gari likiwa juu ya stendi:

1. Kwangua rimu, kagua tairi lote kwa mkono na kwa jicho. Kipande kilichomeguka, hata kidogo, ni tairi la kutupa.
2. Zungusha kila gurudumu ukisikiliza beringi.
3. Tazama mistari ya rangi kwenye nati zote za usukani, ekseli na propela shafti.
4. Pasua filta ya oili, kunjua karatasi yake juani. Vumbi la kung'aa ni beringi inayokwisha.
5. Toa plagi, zipange kwa namba ya silinda.
6. Suuza parashuti ikiwa limelowa, likaushe kivulini, likunje upya.

Kuhusu plagi, zina faida kama tu injini ilizimwa ikiwa kwenye mzigo kamili. Dereva akimaliza maili inayopimwa, azime injini na kukanyaga klachi kwa pamoja, gari lijiendee hadi lisimame. Akirudi akinguruma taratibu, masizi ya mwendo mdogo yameshafuta ushahidi. Tumia kioo cha kukuzia. Kaure nyeusi tii, mafuta ni mengi. Nyeupe pe, ni machache. Ukiona vitone vidogo vya kung'aa kama chembe za fedha, hiyo ni alumini ya pistoni, na hakuna mbio nyingine hadi ufungue silinda hedi.

Mzunguko wa injini ukipanda bila mwendo kupanda, usikisie. Linganisha vitu vitatu kwenye kumbukumbu ya kompyuta: mzunguko wa injini, mzunguko wa gurudumu la nyuma, na mwendo wa GPS. Injini na gurudumu vikikubaliana lakini GPS iko nyuma, tairi linateleza: ongeza uzito au mfundishe dereva kukanyaga polepole. Injini ikikimbia na gurudumu limebaki, klachi imechoka.

Ufa kwenye kibanio cha bodi unaweza kuchomelewa palepale. Toboa kitundu kwenye ncha ya ufa usiendelee, osha chumvi, saga hadi chuma safi, tenganisha betri na kompyuta ya injini, ndipo uchomelee. Chumvi ikibaki, mshono unajaa vitundu. Ufa kwenye keji, kwenye mkono wa usukani au kwenye ekseli hauchomelewi uwanjani. Pakia gari, rudi nyumbani.

Ukipita rekodi ya daraja lako, gari hupelekwa eneo la ulinzi, unapewa saa 4 za kulitengeneza, na kesho yake asubuhi unakimbia tena. Wastani wa mbio hizo mbili ndio unaoandikwa. Rekodi za dunia za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ni ngumu zaidi: pande mbili ndani ya saa moja. Mickey Thompson alifika maili 406.60 mwaka 1960 kwa gari lake la injini nne, mbio ya kurudi ikavunjika kwa propela shafti, na rekodi ikamponyoka. Kwa hiyo zile saa 4 usizimalize kwa kutafuta hosipawa za ziada. Badilisha oili, pima mgandamizo wa silinda, kaza, kagua, lala.

Kurudi nyumbani

Mtu wa Mombasa au Unguja anajua chumvi ya bahari inavyokula bodi ya gari kwa miaka. Hii ya Bonneville hufanya hivyo kwa majuma. Osha gari kwa maji matamu mengi siku hiyo hiyo kwenye kituo cha kuoshea Wendover, chini kabisa na ndani ya kila bomba lililo wazi. Magadi ya kuokea hayasaidii, chumvi si asidi. Kinachoitoa ni maji tu. Nyumbani vua bodi yote, osha tena kwa maji ya moto, kausha kwa kompresa, pulizia mafuta ya kuzuia kutu.

Beringi za magurudumu zitolewe zote, hata kama zinazunguka laini. Mahali alumini inapogusa chuma fungua, safisha na upake grisi upya, kwa sababu hapo ndipo chumvi hutafuna haraka zaidi. Soma tarehe kwenye mikanda ya dereva na kwenye helmeti. Vilivyopitwa na wakati havipiti ukaguzi. Mikanda ya zamani ikate vipande kwa kisu kabla ya kuitupa, isije ikaokotwa na mtu akaifunga kwenye gari jingine.